Uzamili wa kinga ya mwili hapa Kisumu: nikubali au niende uuguzi?

NyarAhero:

Habari zenu. Nilimaliza shahada ya sayansi ya maabara ya tiba Masinde Muliro, Kakamega. Sasa napima malaria na taifodi kwenye maabara ya mtu binafsi pale Kondele, na mshahara huja unapojisikia kuja. Mwalimu wangu wa zamani amenipatia nafasi ya uzamili ndani ya mradi unaochunguza seli za kinga za watoto wanaoshikwa na malaria mara kwa mara. Karo italipwa, na kuna posho kidogo.

Mama anauza mchele Ahero na ana swali moja tu: "Hizo seli zitakuajiri?" Mjomba anataka nisomee uuguzi niende Uingereza. Mimi moyo uko kwenye seli, lakini simjui mtu anayekula kwa kazi hiyo. Mtafiti wa kinga hushinda akifanya nini hasa? Mradi ukiisha huenda wapi? Tafadhali msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kijana wa Mamboleo:

Msikize mjomba. Binamu yangu ana huo uzamili na sasa anazunguka na pikipiki akiuzia kliniki glavu na sindano. Anapata, sikatai. Lakini glavu haziulizi cheti.

Min Seli:

NyarAhero dadangu, mimi nimezeekea kwenye kazi hii, hapa hapa Kisumu, acha nikujibu.

Utashinda ukikimbizana na damu. Chupa ya kifuniko cha kijani ikishatolewa kwa mtoto kule Kombewa, hakuna tena "nitaifanya kesho". Ikikaa sana, seli unazozitaka zinachoka na usizozitaka zinajichanganya nazo. Utaijua ratiba ya dereva kuliko ya kanisa. Ikifika, unaimimina polepole juu ya kimiminika kizito kiitwacho Ficoll, halafu unaizungusha kwa mashine huku umezima breki, maana ikisimama ghafla tabaka zote zinavurugika. Chini zinabaki seli nyekundu, juu plazma, na katikati utando mwembamba mweupe kama malai. Huo utando ndio kazi yenyewe: seli T zinazoshambulia na kuongoza wengine, seli B zinazotengeneza kingamwili, na jamaa zao. Unazinyonya kwa pipeti, unaziosha, unazihesabu, unazigandisha taratibu, kama nyuzi moja kwa dakika hadi −80, kisha zinaingia kwenye tangi la naitrojeni ya maji, −196. Mjomba akikuona unaondoka Jumapili, mwambie tangi halijui Jumapili.

Miezi baadaye unaziyeyusha, unazipaka kingamwili zenye rangi, unazipitisha moja moja mbele ya mwali wa leza. Mashine inakwambia ipi ni CD4, ipi CD8 (hayo ni makundi mawili ya seli T), ipi imechoka kupigana. Baada ya hapo ni kompyuta, tena kompyuta nyingi. Kama hujaanza kujifunza R, programu ya kuchambua takwimu, anza leo usiku.

Sasa kwa nini ufanyie hapa. Unawajua vijana wanaotoka Siaya, wanakaa Nairobi miaka, wakirudi Desemba malaria inawalaza chali huku nyanya yao aliyebaki kijijini anaendelea kulima? Hilo ni swali la kinga, na limekuwepo kabla yetu. Mwaka 1961 Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili kutoka kwa damu ya watu wazima wa Gambia wakawapa watoto wagonjwa, na vimelea vikapungua mwilini mwao. Kwa hiyo kinga ipo kweli, na inaweza kuhamishwa. Lakini hujengwa polepole, haizuii vimelea kuingia, na usipoumwa na mbu muda mrefu inafifia. Ukitaka ajabu nyingine, angalia mimba ya kwanza. Mama aliyekua Nyando, mwenye kinga yake ya ukubwani, anashambuliwa upya kwa sababu vimelea vinapata mahali papya pa kujishikiza kwenye kondo la nyuma, na mwili haujawahi kukutana na protini vinayoitumia kujishikiza. Mimba zinazofuata anakuwa na kingamwili za kuipinga. Hilo ukilielewa vizuri utakosa usingizi.

Halafu ile saratani ya taya za watoto. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Uganda, aliieleza mwaka 1958. Machi 1961 alihutubia London, na aliyekaa akisikiliza alikuwa Anthony Epstein. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaonyesha kirusi ndani ya seli za uvimbe ule. Shida ni kwamba kirusi hicho kiko duniani kote, karibu kila mtu mzima anacho na hana habari. Mbona basi uvimbe uwe mwingi kwenye ukanda wa malaria? Kirusi kinaishi ndani ya seli B. Malaria nayo inazichokoza seli B zizaliane kila msimu, na kimeng'enya kinachokata DNA yao ili zitengeneze kingamwili bora wakati mwingine kinakata pasipofaa, jeni iitwayo MYC, inayoamrisha seli izaliane, ikahamia mahali inapofunguliwa bila kikomo. Wakati huohuo walinzi wanapungua. Ann Moormann na wenzake, wakifanya kazi na watoto wa hapa Kisumu, walionyesha mwaka 2009 kwamba watoto wenye uvimbe huu wamepungukiwa na seli T zinazoitambua protini moja muhimu ya kirusi, EBNA1. Damu iliyojibu swali hilo ilitoka kwa watoto wa huku kwetu. Usiniambie seli haziajiri.

Juu ya ajira sitakudanganya. Miradi hulipwa kwa vipindi, mara nyingi miaka mitano, na kipindi kikiisha mkataba unaisha nacho. Wenzangu wengine wako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, wengine wanafundisha vyuoni, wengine wako kwenye majaribio ya chanjo. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba, na Kombewa na Siaya zilikuwa miongoni mwa vituo. Majaribio hayo yalihitaji watu wa maabara, makarani, madereva, wauguzi. Mjomba wako hajui kwamba hata wauguzi tunawaajiri.

Onyo langu ni moja. Usikubali kuwa mtu wa kujaza friza za wengine. Niliwahi kuwa kwenye mradi mmoja ambapo sisi tulitenganisha seli usiku, stima ikipotea tunalala na jenereta, kisha masanduku yakapanda ndege. Matokeo tuliyasoma kama wewe utakavyoyasoma, majina yetu yakiwa chini kwenye shukrani. Mikono ikijua na kichwa kisishirikishwe, ndiyo pikipiki ya binamu ya Kijana wa Mamboleo.

Mhudumu wa Alego:

Min Seli kasema ya maabara, mimi niko upande wa kubisha hodi. Ninyi watu wa seli mnatuachia kazi ngumu. Mama anauliza: mtoto wangu si mgonjwa, damu yake mnaitakia nini, na mbona chupa ni kubwa? Ukimjibu kwa Kizungu cha maabara, kesho kijiji kizima kinasema mnauza damu. NyarAhero, kama wewe ni wa Ahero Dholuo unayo, basi itumie. Njoo mwenyewe, keti, eleza. Na mkishapata majibu mrudi myaseme. Kuna nyumba hapa zimetoa damu kwa miradi kadhaa na hazijawahi kuambiwa hata "asante, tuliona hivi".

Kijana wa Mamboleo:

Haya, nimeguswa. Lakini bado mnajadili vitu vya watu wenye subira. Mtu anahitaji kula leo.

Min Seli:

Ni kweli, subira inahitajika, na si kila mtu anaiweza. Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha mwaka 1995 kundi la seli T zinazotuliza nyingine zisiushambulie mwili wenyewe. Wakati huo fani nzima ilikuwa imechoka na hadithi za seli za namna hiyo. Nobel alipewa 2025, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell. Miaka 30! Lakini alikuwa akilipwa mshahara muda huo wote, usisahau. Hakuna aliyemwambia ale umaarufu.

NyarAhero:

Asanteni sana, hata wewe Kijana. Mhudumu, nimekusikia, na Dholuo ninayo tele. Min Seli, nimeambiwa nijibu kufikia Ijumaa. Nimuulize nini mwalimu kabla sijakubali?

Min Seli:

Muulize: swali la tasnifu litakuwa langu au nimepewa kipande cha swali la mtu? Seli nitakazozitenganisha, nitazisoma mimi kwenye mashine ya hapa, au zitasafirishwa? Zikisafirishwa, je, nitapelekwa nazo nikajifunze uchambuzi, hata miezi michache? Kibali cha maadili kimeshatoka, au nitakaa mwaka mzima nikikisubiri huku posho inaliwa na kodi ya nyumba? Kwenye makala nitakuwa mwandishi wa ngapi?

Akijibu haya bila kukasirika, nenda. Akikasirika kwa lile la makala, bado kuna uuguzi.

Na uulize posho inaingia tarehe ngapi. Wasomi huona haya kuuliza hilo, halafu tarehe 20 wanakopa kwa mama anayeuza mchele.

NyarAhero:

Mama amesoma hii yote juu ya bega langu. Anasema la posho nianze nalo.