Tupeane uzoefu: klasi jeneriki au urithi, wewe uliamuaje?

Wakuu, tunaoandika kodi kwa klasi (violezo vya kuundia vitu vya programu) tukutane hapa. Naanza. Nilikabidhiwa mfumo wenye GhalaLaWateja, GhalaLaBidhaa na GhalaLaAnkara, zote zinarithi Ghala, yaani zinabeba mbinu zake zote. Mbinu ya tafuta() kwa mzazi ilirudisha Object, aina ya jumla inayobeba kitu chochote, hivyo kila anayeiita analazimika kubadili aina kwa mkono, na akikosea anajua programu ikiwa tayari inafanya kazi. Nikaandika klasi jeneriki Ghala<T>, ambapo T ni nafasi ya aina unayoitaja wakati wa kuitumia, zile klasi watoto zikafutwa zote. Sasa ukitaka kuingiza ankara kwenye ghala la wateja, kompaila, yaani programu inayotafsiri kodi, inakukatalia papo hapo. Kilichotofautiana ni aina ya data tu, tabia ileile. Hapo kurithi kwa nini?

Mchangiaji wa 2
Umegusa penyewe mkuu. Tazameni lugha ya Java yenyewe: Stack (rundo) inarithi Vector, orodha inayoguswa popote. Kazi ya Stack ni kuweka juu na kutoa juu, lakini kwa kuwa imebeba kila kitu cha Vector, mtu anaita add(0, x) na kuchomeka kitu chini kabisa bila kuulizwa. Kazini tulikuwa na kitufe cha kutendua kilichorudisha hatua isiyo yake, kumbe sehemu nyingine ya kodi inaita remove(1) kwenye Stack ileile. Tukaunda Rundo<T>, ndani yake ArrayDeque (foleni ya Java ya ncha mbili) iliyofichwa, nje mbinu mbili tu: weka na toa. Tatizo likaisha.

Mchangiaji wa 3
Nafundisha wanaoanza, na panapowakwamisha ni hapa: Ankara inarithi Hati, mbona List<Ankara>, yaani orodha ya ankara, haipokelewi panapotakiwa List<Hati>? Huwa nawaambia waifuate hadi mwisho. Ingepokelewa, mtu angeongeza Stakabadhi humo, maana nayo ni Hati, na mwenye orodha ya ankara angekutana nayo. Safu (array) za Java zinaruhusu kupokelewa hivyo, ndiyo maana kuna ArrayStoreException, kosa linalotokea programu ikiendeshwa ukiweka kitu cha aina isiyofaa. Unasoma tu? Andika List<? extends Hati>. Unaingiza ankara? List<? super Ankara>. Wakilielewa hili, mengine ya jeneriki yanashuka yenyewe.

Mchangiaji wa 4
Kwa wa lugha ya C#, tangu toleo la 4 la mwaka 2010 aliyebuni intafesi (orodha ya mbinu ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) ndiye anayeamua: akiweka out mbele ya T, basi T inatoka tu, haiingii. Ndiyo maana IEnumerable<Ankara>, intafesi ya kusoma kitu kimoja kimoja, inapokelewa kama IEnumerable<Hati>, ila List<Ankara> haipokelewi kama List<Hati>. Mimi naupenda zaidi mpango huu, uamuzi unafanyika mara moja badala ya kila mtumiaji kuhangaika nao.