Tupeane uzoefu: dhana ipi ya takwimu ilikugomea ulipoanza saikolojia, na nini kiliifungua?

Kalamu Mbili
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kaanza saikolojia mwaka huu, na kinachomnyima usingizi si Freud, ni takwimu. Fomula anazo, zimejaa kwenye kitini. Anachokosa ni mifano ya watu. Kila aliyepita huko ataje dhana moja iliyomgomea na jinsi ilivyomkaa kichwani. Karibuni.

Pilau Njegere
Mimi niliichagua saikolojia kuzikimbia hesabu. Nikazikuta zimenitangulia mlangoni. Nakaa hapa nasoma komenti.

Binti Kitini
Kwangu ni wastani na mediani. Kuzikokotoa nilijua tangu sekondari, ila sikuona kwa nini ziwe mbili. Boom (pesa ya mkopo wa chuo) lilipotoka tukataja pale chumbani, watano, kila mtu kabakiwa na shilingi ngapi baada ya kulipa madeni: 40,000, 45,000, 50,000, 55,000, na mmoja anayeuza nguo mtandaoni, 610,000. Jumla laki nane, gawa kwa tano, wastani 160,000. Mle ndani hakuna mwenye laki na sitini wala anayeikaribia! Mediani, yule wa katikati ukishawapanga, ni 50,000, na hayo ndiyo maisha ya wanne kati yetu. Siku hizi nikisoma utafiti wa kipato, au ule wa kupima mtu anachukua muda gani kubonyeza kitufe (kuna washiriki huwa wanasinzia), naangalia mediani kwanza.

Pilau Njegere
Naomba namba ya huyo muuza nguo 😂 Halafu nisaidieni: kwenye mchepuko sanifu, kile kipimo cha namba zimetawanyika kiasi gani kutoka wastani, kwa nini tunagawa kwa n (idadi ya namba) kutoa 1? Mwalimu alisema "digrii za uhuru", akafuta ubao.

Mama Semina
Tumia hao hao watano, mwanangu. Tofauti ya kila mmoja na wastani, kwa maelfu: −120, −115, −110, −105, na ya tano naificha. Tofauti hizi zikijumlishwa lazima zilete sifuri, kwa hiyo ya tano unaijua bila kuambiwa: +450. Nne zina uhuru, ya tano imefungwa. Kingine: unapima umbali kutoka wastani wa sampuli yenyewe, na wastani huo umetokana na namba hizo hizo, kwa hiyo umekaa karibu nazo mno. Ukigawa kwa tano, mtawanyiko utaelekea kuonekana mdogo kuliko ule wa kundi kubwa ilikotoka sampuli. Kugawa kwa nne kunarekebisha hilo.

Kahawa Chungu
Mimi ni thamani ya p. Nilikuwa nimeikariri kama namba ya siri ya simu: chini ya 0.05, furahi, juu yake, nuna.

Tukaletewa kisa cha chai. Mtakwimu Ronald Fisher alipokuwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, mwenzake Muriel Bristol alisema akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au yalifuata. Fisher akakigeuza mfano kwenye kitabu chake cha 1935: vikombe 8, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, vimechanganywa, mwonjaji avitoe vile vinne vya maziwa kwanza.

Nasi tukafanya kwenye semina, chupa mbili za chai na vikombe vya plastiki. Kuna dada wa Tanga alijinadi kweli kweli. Akapata vitatu kati ya vinne, darasa zima likashangilia. Mwalimu kimya, akaanza kuandika. Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70. Ya kupata vyote vinne ni moja tu, yaani 0.014. Za kupata vitatu ni 16. Jumlisha na ile moja ya vyote vinne: 17 kwa 70, sawa na 0.24. Karibu mmoja kati ya kila wabahatishaji wanne angefika alipofika dada yetu au kumpita. Makofi yakaisha.

Jicho Kavu
Mkuu umeeleza vizuri, niongeze kidogo maana mtihani hutegea hapo. Hiyo 0.24 si uwezekano kwamba dada alibahatisha. Inasema: *tukichukulia* alibahatisha tu, matokeo kama yake au mazuri zaidi yangetokea kwa kiasi gani. Wala haijathibitisha kwamba ulimi wake haujui kitu. Vikombe vinane ni vichache.

Ndege Mtini
Angalieni data kabla ya kukokotoa. Kuna kikundi kilitumia dodoso la sonona la PHQ-9: maswali tisa, kila moja 0 hadi 3, kwa hiyo hakuna anayeweza kuvuka 27. Mshiriki wao mmoja alikuwa na 108. Swali alilolikwepa waliliandikia 99, alama ya "hakujibu", na SPSS, programu ya takwimu, haikuambiwa, ikajumlisha tu. Ukiomba kiwango cha chini na cha juu cha kila kigeu (kila kitu ulichopima), unalikamata mapema.

Chaki Mkononi
Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasoma jioni. Miaka yote niliamini kufoka kunasaidia: waliofeli vibaya nikiwafokea, mtihani unaofuata wanapanda; waliong'ara nikiwasifu, wanashuka. Kisha nikasoma kisa cha mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli. Nao walisema hivyo hivyo, neno kwa neno yangu. Alama ya siku moja ina uwezo na ina bahati. Aliyeanguka sana huenda siku ile bahati ilimpiga chenga, kwa hiyo mara ya pili atasogea kwenye wastani wake hata ukinyamaza. Jamani, nimefoka sana!

Pilau Njegere
Mwalimu pole 😂 Na r, ile namba ya kupima uhusiano wa vitu viwili, ikiwa sifuri, ndiyo vitu viwili havihusiani?

Mama Semina
Hapana. Havina uhusiano *wa mstari ulionyooka*. Chukua msisimko na ufanisi, jambo la Yerkes na Dodson, 1908, waliofanyia panya majaribio: katika kazi ngumu, msisimko ukiwa kidogo ufanisi mdogo, wa kiasi ufanisi unapanda, ukizidi unaporomoka. Mchoro unapanda na kushuka kama kilima, na r inaweza kutoka karibu na sifuri. Mwambie mdogo wake Kalamu achore grafu ya nukta kwanza, hata kwa penseli, ndipo aitafute r.