Bogenvilia, haibiskasi au iksora: kipi kinafaa mbele ya nyumba Tabora?

Kichanga_Ipuli
Wakuu, salama? Nyumba imekwisha, mbele kuna uzio wa waya na udongo ni kichanga kitupu. Nataka maua ya kudumu. Muuza miche ana bogenvilia, haibiskasi na iksora. Maji ya bomba yapo, ila na bili ipo. Nichukue kipi?

MzeeWaCheyo
Bogenvilia, usiumize kichwa. Huku mvua ikikata mwezi wa tano tunaisubiri hadi Novemba, na ukame huo ndio unaoichanua. Ukiimwagia maji kila siku na kuirundikia samadi, utavuna majani na miiba. Imwagilie mpaka mizizi ishike, halafu iache. Ukiona majani yamelegea ndipo uipe ndoo. Wakati wa kupanda, chana kiriba taratibu bonge la udongo lisivunjike. Mizizi yake haitaki kuguswaguswa.

Mwisho_wa_Reli
Mzee anatetea miiba yake tu 😀 Mimi niko Ujiji, haibiskasi ndiyo imejaa kwangu. Ua moja linadumu siku moja, lakini mti ukishiba unafungua mengine kila asubuhi. Kwenye kichanga changanya samadi iliyooza na utandaze majani makavu shinani, la sivyo vitumba vitapukutika kabla ya kufunguka. Kagua chini ya majani na kwenye vichipukizi: ukiona uchafu mweupe kama pamba, hao ni vidung'ata. Wapige maji ya sabuni mapema.

Mama_Isevya
Majani makavu Tabora? Mchwa watakushukuru. Ukiweka, yaache mbali kidogo na shina. Halafu haibiskasi bila uzio imara ni chakula cha mbuzi wa jirani.

Iksora nayo isitupwe, ila ina deko. Inataka udongo wenye tindikali kidogo. Usiipande pale mafundi walipochanganyia zege, wala kwenye vifusi vya plasta: majani yatageuka njano huku mishipa imebaki ya kijani, nawe utadhani ni kiu, uongeze maji bure. Tena inakua polepole. Weka kwenye chungu karibu na mlango, basi.

Kichanga_Ipuli
Asante mama. Nina watoto wadogo, miiba inanitia wasiwasi. Na lantana je? Jirani ananipa bure.

Mama_Isevya
Lantana achana nayo. Inatorokea porini, na ng'ombe wakiila wanaugua.

Getini panda haibiskasi, bogenvilia ipeleke kona ya mbali. Tena haibiskasi usinunue yote. Omba matawi yaliyokomaa kiasi, unene wa penseli, sentimita 15 hivi. Kata chini kidogo ya kifundo (pale jani linapochomoza), pukuta majani ya chini, chomeka kivulini mvua zikianza.

MzeeWaCheyo
Nakubali, getini miiba haifai. Ila kwa rangi bado hamnishindi! Na hayo mnayoyaita maua ya bogenvilia ni majani yaliyopata rangi; ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati.

Kichanga_Ipuli
Basi bogenvilia mbili za kona, haibiskasi nitaomba matawi, iksora moja ya chungu. Mzee, bogenvilia inakatwa lini?

MzeeWaCheyo
Ikimaliza kuchanua. Inachanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo usiogope kuikata. Vaa glovu nzito, na matawi uliyokata yaokote yote siku hiyohiyo, watoto wanakanyaga.