Naomba ushauri: mwani, karafuu na somo la utandawazi

Asalaam alaykum ndugu zangu, nafundisha jiografia skuli moja huku Micheweni, Pemba, tumefika mada ya utandawazi na utawala nataka wanafunzi waione kwenye maisha yao wenyewe. Wengi mama zao wanalima mwani, wenyewe wanajua kufunga taitai (vile vikamba vidogo vya kushikia mbegu ya mwani) kwenye kamba na kuanika, ila hawajui kwamba ukishasafirishwa nje unatolewa karajini, yaani kitu cha kufanya vitu viwe vizito, ya kutilia dawa ya meno na aiskrimu. Sasa mmoja kaniuliza, mbona karafuu serikali inanunua kupitia ZSTC (Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar) kwa bei iliyotangazwa, lakini mwani bei anakuja nayo mnunuzi? Swali zito hilo wallahi. Nimemwambia Indonesia na Ufilipino wanazalisha mwingi mno kutushinda, bei haipangwi hapa, lakini upande wa utawala ndio unanisumbua kuupanga, maana kilimo si jambo la Muungano, ni la Serikali ya Zanzibar, biashara ya nje imo kwenye orodha ya Muungano, na wanunuzi wakubwa wako ng'ambo.

Mnaofundisha, mnaanzia wapi? Nianze na ramani ya safari ya mwani au nani anaamua nini? Na kama kuna mnunuzi wa mwani humu anaweza kuja kuzungumza na watoto naomba anijibu.