Ekari kumi zilizochoka Uyui: mikaratusi, miche ya mninga au kisiki hai?

MkulimaUyui
Wakuu heshima kwenu, na wakubwa zangu shikamooni. Nina ekari kumi za familia huku Uyui upande wa barabara ya Urambo, zimelimwa tumbaku miaka na miaka alafu zikaja kuwa za mahindi, sahivi ni kichanga kitupu, bila mbolea ya dukani huvuni kitu cha kueleweka na mvua za Desemba zikipiga maji yanateremka na udongo wote mpaka mbugani, huko bondeni. Sitaki kuliuza wala kulikodisha, nataka liwe tena shamba lenye miti. Nimepewa ushauri wa aina tatu na haufanani hata kidogo. Kuna anayesema nijaze mikaratusi niuze kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, kuna anayesema ninunue miche ya mninga, ule mti wa mbao, niwaachie watoto, na kuna anayesema nisinunue chochote, nitunze visiki vilivyopo vichipue, hiyo ndo wanaiita kisiki hai. Naombeni mnilinganishie kwa mazingira yetu ya huku: gharama, muda, na udongo unabaki na nini. Mifugo inapita na moto wa kiangazi upo kila mwaka.

KaliuaKwetu
Mkuu mi naongelea upande wa tumbaku maana ndo ninaoujua. Bani linataka moto usiku na mchana siku kadhaa mfululizo, misitu ya karibu na vijiji imeisha, watu wanafuata kuni mbali na karibu zote ni miti ya asili. Mkaratusi ukishashika unakua haraka, ukiukata unachipua, unakata tena. Kila mzigo wa mkaratusi unaoingia kwenye bani ni mti wa mtundu, wa asili ya huku, umebaki umesimama porini, kwa hiyo mi sikubali ukiitwa adui wa mazingira. Tatizo lake huku ni mchwa. Kichanga cha kwetu kimejaa mchwa, mche mchanga wanautafuna hapo shina linapokutana na mzizi, kiangazi cha kwanza unaukuta umesimama vizuri tu ila majani yamekauka, ukiuvuta unatoka mkononi bila mzizi. Panda mvua za mwanzo kabisa ili ikifika Mei uwe umekomaa.

NyukiSikonge
Kaka Kaliua nakuelewa, kuni lazima zitoke mahali, ila mleta mada kauliza namna ya kulirudisha shamba, na hapo mi nasimama na kisiki hai bila kuyumba.

Ardhi ya Tabora ni ya miombo, ile misitu yetu ya asili. Mtundu, myombo na jamii yake ukiikata haifi, mizizi inabaki hai chini miaka mingi na inarusha machipukizi, sisi wenyewe ndo tunayafyeka kila msimu wakati wa kusafisha shamba tukisema ni vichaka. Kwa hiyo shamba unaloliona tupu miti yake ipo, imekatwa kichwa tu. Unachofanya ni hivi, unazunguka shamba unatafuta kisiki chenye machipukizi, unachagua mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, mengine unayakata kwa panga kali yasichanike, yale uliyobakiza unayapogoa matawi ya chini mpaka kama nusu ya urefu wake, alafu unafunga kitambaa cha rangi ili mwenye plau na mchungaji wote waone kwamba huu mti una mwenyewe. Matawi uliyokata usiyachome, yatandaze pale maji yanapopita yashike udongo. Baada ya miezi kadhaa unarudi kupogoa tena maana kisiki kitatoa mengine. Hununui mche, humwagilii, na kwa sababu mzizi ni wa siku nyingi chipukizi linakimbia kuliko mche wa asili wa kitalu.

Na siyo maneno tu. Niger kule Tony Rinaudo, Mwaustralia, alianza kuwahamasisha wakulima miaka ya 1980 baada ya kuona miche ya kupanda inakufa tu jangwani, mpaka sasa inahesabiwa zaidi ya hekta milioni 5 zimerudisha miti kwa njia hiyo, na kule ukame wake haufanani na wetu. Hapa nchini mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit wanaifundisha vijijini Dodoma, ambako mvua ni chache kuliko Tabora. Sasa kama Dodoma vinachipua sisi tunakosaje?

Alafu nyuki. Asali ya Tabora inayosifiwa inatoka kwenye maua ya hii hii miti, na uyoga mwingi tunaouona kando ya barabara mvua zikianza unaishi na mizizi yake, unabadilishana nayo chakula ardhini, ukiiondoa miti na uyoga wake unaondoka. Kuni utapata pia, yale machipukizi unayopunguza ni kuni za jikoni mwaka mzima.

MamaKitaluNzega
Wanangu habari za humu. Mi ninaotesha miche na naomba niseme kuhusu mninga maana watu wanaupenda kwa jina bila kujua tabia yake. Tunda lake lina miiba katikati, mbegu iko ndani ya hiyo sehemu ngumu, kuitoa bila kuijeruhi ni kazi na zinazoota ni chache. Ukiota sasa, kiangazi kikifika shina la juu linakauka lote. Mteja anakuja Julai analalamika mama umeniuzia mche mfu. Namwambia chimba pembeni polepole uone, anakuta mzizi umenona kama karoti na uko hai kabisa. Mvua zikirudi unachipua, kiangazi unakauka tena, hivyo hivyo miaka kadhaa huku unajenga mzizi, ndipo siku moja unaamua kupanda juu. Asiyejua hilo anaulima na jembe mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo mwanangu wa Uyui, mninga wa kupanda ni wa mtu mwenye subira, na kama una kisiki cha mninga shambani hicho kitunze kuliko kitu kingine chochote. Miche inunue ya kujazia pale pasipo na visiki. Mkwaju unaota vizuri ukiloweka mbegu. Na usiisahau miti ya matunda ya porini, mfulu na mbula, watoto wanakula na kivuli kipo.

Ngosha_Igunga
Mkuu hapo kwenye mifugo nisikilize maana sisi ndo wenye ng'ombe. Wasukuma tuna ngitili, eneo linafungwa mvua zikianza, nyasi zinakua, linafunguliwa kiangazi malisho yakiisha kwingine. Ukilifunga hivyo hata miti inarudi yenyewe. Shinyanga ilikuwa imeshafyekwa kwa ajili ya kuua mbung'o na kulima pamba mpaka ikawa inaitwa jangwa, serikali ikaja na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, ukaenda mpaka 2004. Mwanzoni nguvu kubwa ilikuwa vitalu na miche ya kigeni, ila kilichobeba ule mradi ni ngitili, kwa sababu kilikuwa kitu cha watu wenyewe na kila kaya ilijua faida yake. Zikarudi zaidi ya hekta laki tatu. Ekari mbili za huko chini karibu na mbuga zifanye ngitili, acha zipumzike.

KaliuaKwetu
Ngosha ngitili ni ya mwenye ekari mia, huyu ana kumi na anakula humo humo. Akifunga mbili, mahindi analima wapi?

Ngosha_Igunga
Hizo mbili sahivi zinampa nini kaka? Kasema mwenyewe udongo unateremka mbugani. Ngitili za kaya zipo ndogo ndogo tu, na nyasi zake zinauzwa.

MstaafuUgani
Vijana wangu marahaba. Mnabishana vizuri ila mmeruka swali la kwanza: visiki vya huyo bwana vipo hai au havipo? Tumbaku ya jembe la mkono huwa inaacha visiki, trekta na plau ya miaka mingi inavimaliza. Urambo Waingereza walisafisha kwa mashine kwa ajili ya mradi wa karanga wa 1947 mpaka 1951, sehemu kama hiyo ukimwambia mtu kisiki hai unamwambia asubiri kisichokuwepo. Atembee shamba lake sasa, kabla ya mvua, machipukizi ya miombo mwezi wa tisa na wa kumi yanatoa majani mekundu mekundu, huwezi kuyakosa.

Pasipo na visiki kuna njia ya nne ambayo hakuna aliyeitaja. Kituo cha utafiti Tumbi, hapa hapa Tabora, walifanya majaribio ya kupokezana miti na mahindi pamoja na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto. Unapanda miti inayokua haraka, ile akasia ya Australia, crassicarpa, na mahindi katikati miaka miwili ya kwanza, kivuli kikizidi unaacha miti peke yake, kama mwaka wa tano unakata yote unapata kuni za bani, alafu unalima mahindi juu ya majani yaliyooza. Akasia hiyo ukikata haichipui vizuri kama mkaratusi, kwa mwenye kutaka kulima tena hiyo ni faida.

Mikaratusi siikatai ila iwe kona ya juu, mbali na mahindi na mbali kabisa na maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Na mninga ujue ni mti uliohifadhiwa, hata ukikua shambani kwako siku ya kuukata unafuata kibali, na mbao kuzisafirisha kunahitaji hati. Mi naona hapo sheria inamkatisha tamaa mtu aliyeutunza mwenyewe, na watu wengi wanaung'oa ukiwa mdogo kwa sababu hiyo. Bora viongozi walitazame.

MkulimaUyui
Mzee wangu shikamoo na asanteni wote. Nimezunguka leo na mdogo wangu. Nusu ya chini visiki vipo vingi kuliko nilivyodhani, mitundu mingi, na mninga mmoja tumeukuta umebanwa na vichaka. Nusu ya juu trekta ilipita, hamna kitu. Kwa hiyo chini kisiki hai na ile ngitili ya Ngosha, juu naanza na njia ya Tumbi kwenye ekari mbili, mikaratusi naiacha. Kilichobaki ni moto na ng'ombe wa kupita, nikivifunga vitambaa peke yangu wataheshimu?

Ngosha_Igunga
Peke yako hapana. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, omba iingie kwenye mkutano, wenye mifugo wawepo wakubaliane njia ya ng'ombe ipite wapi. Mchungaji ukimpa njia hana sababu ya kukuingilia, ukimzibia kila upande atapita tu.

NyukiSikonge
Na moto usiusubiri Agosti. Mwezi wa tano mwishoni nyasi zikiwa bado na unyevu lima njia ya moto kuzunguka ile nusu ya chini, upana wa kutosha gari kupita, anza na upande wa mashariki maana kiangazi upepo wetu unatokea huko. Huo mninga uondolee vichaka mita moja kila upande, nyasi kavu zisiguse shina.