Mrejesho: Mafunzo ya chama nimekwenda

Wakuu, niliahidi mrejesho. Niliuliza kama mtu mwoga wa kuongea kama mimi ana kazi gani kwenye mafunzo ya wanachama wa kujitolea wa chama cha siasa, mkaniambia nenda tu.

Asubuhi ilikuwa hotuba tupu, nilisinzia. Utamu ulianza mchana, tulipopangwa wawili wawili kuigiza kampeni ya nyumba kwa nyumba. Mwenzangu, mama mmoja mtu mzima, akajifanya mwenye nyumba aliyewachoka wanasiasa: "Mnakuja wakati wa kura tu!" Nikaanza kujitetea. Mkufunzi akanikatiza: usibishane naye, muulize kinachomkera, kisha nyamaza uandike. Basi yule mama alimwaga yote, nikajaza ukurasa mzima. Kumbe kazi yenyewe ni kusikiliza, na hiyo naiweza.

Tukagusa pia uwakala wa kituo cha kura, yaani kukiwakilisha chama pale kura zinapopigwa na kuhesabiwa. Tulipewa fomu ya matokeo ya mazoezi: kwa tarakimu 71, kwa maneno "kumi na saba". Wengi wetu tulisaini bila kuona, mimi nikiwemo. Aibu!

Jumamosi naingia mtaani, nimepangwa na mama yuleyule. Yeye ndiye atakayebisha hodi.