MREJESHO: Kile kipini cha kisogoni kilichokuwa kinahama

Habari zenu wapendwa. Niliuliza kama nikiache kipini changu cha kisogoni, yaani kile chuma kinachopita chini ya ngozi na kutokeza kwenye matundu mawili, maana kilikuwa kinahama, kinasogea kuelekea juu ya ngozi. Wengi mlisema nikitoe mapema, na nashukuru sana kwamba niliwasikiliza.

Nilikwenda kwa fundi mwingine wa kutoga. Alipima: matundu yalianza yakiwa na milimita 14 kati yake, sasa yalibaki 10. Ngozi ya katikati ilikuwa nyekundu, inang'aa, nyembamba hadi chuma kinaonekana kwa chini. Alikitoa hapohapo. Tungesubiri kipasue ngozi, kovu lingekuwa kubwa zaidi.

Kosa lilikuwa chuma chenyewe. Niliwekewa kile kilichopinda kama upinde, ambacho muda wote kinaisukuma ngozi. Sehemu bapa kama kisogo inataka chuma kilichonyooka katikati, miguu miwili imesimama kwa nyuzi 90 kama pini ya stepla, na kiwe cha titani ya kiwango cha vyuma vya kupandikizwa mwilini. Kina cha kutogea nacho ni muhimu: chuma kikiwekwa juujuu, mwili unakisukuma nje.

Nilisubiri hadi kovu likalainika kabisa, miezi mingi, ndipo nikatoga tena, pembeni kidogo ya lile kovu. Sasa nalala kifudifudi, nywele nazifunga juu, kola ngumu nimeziacha. Nasafisha kwa maji safi ya chumvi ya asilimia 0.9, wala sikizungushi.

Huu ni mwezi wa tano, na vipimo havijabadilika. Fundi ameniambia wazi kwamba bado kinaweza kuhama, kwa hiyo napima kila wiki.